Sanduku la barua nyumbani kwako Mwanza: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda kiko Nyakato, kazi yangu kubwa ni mageti na madirisha. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, watu walipoanza kupata namba za nyumba, mteja akija kuagiza geti mara nyingi anamalizia na "fundi na kasanduku ka barua hapo pembeni utaniwekea?" Halafu usiku ananipigia kuuliza liwe juu kiasi gani, liangalie wapi, tundu liwe upana gani, na maswali ni yale yale kwa hiyo nimeamua niyaandike yote sehemu moja, maana kwenye simu huwa najibu harakaharaka na hili jambo halistahili harakaharaka. Nimeshaona barua ya maana ya mtu ikiharibika kwa sababu ya kipande kidogo tu cha bati, nitaieleza huko chini.

Kwani Mwanza nani analeta barua mpaka nyumbani? Si tuna S.L.P.?

Ndio swali la kwanza la kila mtu na ni la haki kabisa. Sisi tumekua na S.L.P., baba anakuwa na funguo ya kasanduku posta pale mjini au anatumia sanduku la kazini, la shule, la parokia, na barua ya ukoo mzima inapitia humo, mtu wa Buhongwa anapanda daladala mpaka posta kuchungulia kama kuna kitu. Barua ya kawaida ya posta bado kwa sehemu kubwa inaishia huko kwenye S.L.P., kwa hiyo ukiweka sanduku getini leo usitegemee kesho asubuhi utakuta barua ya mjomba humo, na S.L.P. yako usiifunge.

Sasa sanduku la nyumbani la nini? Hebu hesabu mwenyewe karatasi zinazofika kwako kwa mkono. Kadi za michango ya harusi, hizo peke yake zinatosha. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kikao, barua ya jumuiya, ya kikundi cha kuweka na kukopa, ripoti ya mtoto ikiletwa na mwalimu anayeishi jirani, notisi ya kupimiwa viwanja, nyaraka zinazoletwa na watu wa vifurushi wa bodaboda. Ni kweli karatasi zimepungua, bili ya maji inakuja kwa meseji, umeme ni LUKU, hata kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ila zilizobaki ndio zile za maana ambazo ukizikosa unaumia. Na ukiwa haupo zinaachwa wapi? Zinachomekwa kwenye nondo ya geti, zinasukumwa chini ya mlango, anapewa mtoto wa jirani ambaye anazitengenezea ndege ya karatasi. Mtu anakuja kukulaumu hukuchanga wakati kadi hukuiona.

Namba ya nyumba na postikodi nazipata wapi?

Kama kibao kilishabandikwa ukutani basi namba unayo. Kama hakuna, au kilidondoka wakati wa kupaka rangi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uonane na mtendaji au mwenyekiti, wao ndio wanajua nyumba yako iliandikishwa vipi, au angalia kwenye programu ya NaPA kwenye simu ambayo ndio daftari la anwani za nchi nzima. Postikodi ni tarakimu 5 na inaenda kwa kata, kwa hiyo wewe na jirani wa kata moja mna postikodi moja, ya mkoa wetu wa Mwanza inaanza na 33, tatu zilizobaki zinatofautisha wilaya na kata.

Usijitungie namba jamani. Kuna mzee alitaka nimwandikie 7 kwa sababu anaipenda, nikamwambia mzee wangu hapo utakuwa umeihamisha nyumba yako kwenye ramani, siku ya mgonjwa gari litaenda kwa mwingine. Akaenda kwa mtendaji akarudi na namba yake halisi.

Liwe juu kiasi gani kutoka chini?

Hapa ndio penye somo lote. Watu wanapima nyumba, wanaangalia litapendezea wapi, wakati anayetakiwa kupimwa ni yule anayeleta. Anakuja amesimama? Amekaa kwenye pikipiki? Ana mzigo mkono mmoja? Kipimo cha sanduku kinatoka kwenye mkono wake.

Huku kwetu anayeleta ni mtembea kwa miguu au bodaboda. Mimi naweka tundu la kuingizia kati ya sentimita 100 na 130 kutoka pale mguu wake unapokanyaga, na nasema pale anapokanyaga sio kutoka sakafu ya ndani, kwa sababu viwanja vya Mwanza vimeinama, ndani ya geti unaweza kuwa juu nusu mita kuliko nje, fundi akipima akiwa ndani anakuja kuweka tundu ambalo nje liko juu ya kichwa. Nimeliona hilo Kiseke, sanduku zuri kabisa na mtu anarushia karatasi kama anarusha mpira wa kikapu.

Ulaya wana kiwango chao cha masanduku, EN 13724, na wao wanataka tundu lisiwe chini ya sentimita 70 wala juu ya sentimita 170. Kwa hiyo kipimo changu kiko katikati ya hapo vizuri tu. Chini ya 70 anayeleta anainama mpaka mgongo unauma na mbwa wako anafikia vidole vyake.

Mwanangu yuko Marekani amenunua nyumba, kaambiwa sanduku lake halijakaa sawa na barua hazitaletwa. Kwani kuna sheria?

Ipo tena kali, na hili nimeulizwa na wazazi kama watatu hivi wakidhani mtoto anaonewa. Haonewi. Kule posta inapeleka barua nyumba kwa nyumba, na sehemu nyingi mleta barua hashuki kwenye gari, anapita pembeni ya barabara ananyoosha mkono dirishani anaweka anaendelea, ndio maana vipimo vyao viko vile. Sanduku la barabarani linatakiwa liwe inchi 41 mpaka 45 kutoka usawa wa barabara, hiyo ni kama sentimita 104 mpaka 114, na uso wa sanduku uwe nyuma ya ukingo wa barabara inchi 6 mpaka 8, yaani sentimita 15 mpaka 20. Lisogee zaidi ya hapo mkono haufiki, lisogee mbele gari linalikwangua. Na linakaa upande wa kulia wa barabara kwa anakoelekea yule mleta barua, maana wao wanaendesha kulia.

Namba ya nyumba lazima iandikwe kwa tarakimu zisizopungua inchi 1, mbele au ule ubavu wenye bendera. Na kabla hujaweka au hujahamisha unawasiliana na ofisi ya posta ya eneo lako kwanza, hujiamulii. Ukinunua dukani lile lenye alama ya kuidhinishwa na mkuu wa posta sawa, ukitengeneza mwenyewe unapeleka waliangalie. Kwa hiyo mwambie mwanao achukue futi aende barabarani apime, asipoteze muda kugombana, na kama kuna theluji asafishe njia ya kufikia sanduku, nayo wanaihesabu.

Ile bendera nyekundu ya pembeni ni ya nini? Nataka na langu liwe nayo.

Bendera sio urembo. Kule mleta barua anachukua pia barua za kutuma, unaweka barua yako na stempu ndani unainua bendera, akipita akiiona imesimama anajua kuna ya kuchukua hata kama yeye hana ya kukuletea. Inakaa upande wa kulia ukiwa umeliangalia sanduku kwa mbele.

Huku hakuna anayepita kuchukua barua yako ya kutuma kwa hiyo bendera haina kazi hiyo, ila kuna mama mmoja wa Pasiansi aliniomba nimwekee halafu wakakubaliana na majirani kwamba ukiweka kitu unainua, akirudi kazini jioni akiwa bado barabarani anajua kama kuna kitu. Nimelipenda sana wazo lake, toka hapo nawashauri na wengine.

Niweke getini, ukutani au kwenye nguzo nje barabarani?

Ukutani au kwenye nguzo ya geti, tundu nje mlango wa kutolea ndani. Kwa Mwanza naona hiyo ndio bora kuliko zote, unatobolewa ukuta au inachanwa bati la geti, anayeleta anaingizia nje wewe unafungulia ndani ukiwa na kanga yako hakuna anayekuona. Barua inakuwa kwenye kiwanja chako tayari, kuiba ni kazi.

Kwenye bawa la geti linalofunguka mimi sipendi, geti likibamizwa kila siku bawaba ya kasanduku inalegea na vitu vinarukaruka ndani. Weka upande usiofunguka au kwenye nguzo.

Nguzo nje barabarani ndio yenye matatizo. Hifadhi ya barabara sio yako. Barabara kuu na za mkoa zilizo chini ya TANROADS, kwa sheria ya barabara ya mwaka 2007 hifadhi ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, sasa wewe wa kandokando ya barabara ya Musoma kule Igoma au ya Shinyanga kule Mkolani ukichimbia nguzo yako nje ya uzio unaweza kuwa umejenga kwa watu, na zile alama za X nyekundu wote tunazijua. Barabara za mitaani ni za TARURA, uliza kabla. Nje ya uzio huko huko chini pia kunapita mabomba ya maji na nyaya, fundi mwenzangu alipasua bomba kwa mtalimbo mtaa ukakaa bila maji siku nzima.

Nataka nguzo ya zege na nondo kabisa ili isigongwe.

Hapana. Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu watu wanadhani nguzo ngumu ndio nzuri. Bodaboda akiteleza usiku kwenye mvua akakutana na nguzo ya zege yenye nondo nne, anayevunjika ni yeye. Marekani wamelifikiria hili kitambo, wanashauri nguzo ya sanduku iwe mbao ya inchi 4 kwa 4 au paipu ya inchi 2 na isichimbiwe zaidi ya inchi 24, kama sentimita 60 hivi, makusudi ili gari likigonga nguzo ipinde au ing'oke na mtu abaki mzima. Sanduku linatengenezwa upya kwa siku moja, mtoto wa mtu hatengenezwi. Ukija kwangu kuagiza nguzo ya zege ya barabarani sitaifanya.

Kwangu ni mawe matupu, nachimbaje?

Hapo sasa umeniuliza la nyumbani. Mwanza ni mji wa mawe, Bugando, Isamilo, Mabatini, Bwiru, ukipiga jembe mara mbili unasikia kengele. Usiteseke kuchimba. Jiwe lenyewe ndio msingi, unachomelea paipu kwenye sahani nene ya chuma yenye matundu manne, unatoboa jiwe kwa drili ya kutobolea zege, unapiga bolti zile za kutanuka, unakaza. Nguzo haitikisiki miaka. Chini ya sahani weka simenti kidogo ili maji yasituame yakaanza kutu. Ila hakikisha ni jiwe lililoshikana na mlima sio lile lililolala tu, ligonge kwa nyundo usikilize, lenye mlio mkavu ni zima, lenye mlio wa debe bovu limepasuka ndani.

Tafadhali usichome matairi juu ya jiwe ili lipasuke kama wanavyofanya wanaopasua kokoto. Kwa ajili ya kasanduku ka barua, moshi wote ule kwa majirani, hapana.

Penye udongo chimba sentimita 45 mpaka 60, zege ya simenti moja mchanga miwili kokoto nne, na juu ya zege pawe na mwinuko maji yakimbie nguzo.

Tundu la kuingizia liwe upana gani?

Chukua bahasha ya A4, ile kubwa ya kaki isiyokunjwa, ndani yake kuna karatasi ya milimita 210 kwa 297, bahasha yenyewe inafika kama 229 kwa 324. Ukitaka iingie kwa ubapa bila kukunjwa tundu liwe milimita 330 kwenda mbele, kama una nafasi fanya hivyo. Kama huna, iingie kwa upande mfupi, milimita 240 zinatosha ila sanduku liwe na kina cha kuimeza. Kimo cha tundu milimita 30 mpaka 35. Ukizidisha hapo mkono wa mtoto unaingia na unatoka na barua zako, nimejaribu na wanangu mwenyewe.

Kingo za tundu zikatwe na zisagwe kwa grenda mpaka zitelezee kidole. Fundi akikuachia makali mkatalie kazi, anayeleta atajikata.

Mvua inaingia ndani, nifanyeje?

Nitaeleza kilichonitokea. Miaka ya mwanzo nilimtengenezea dada mmoja sanduku, likawa zuri, rangi ya kahawia, ila juu ya tundu sikuweka kofia na kifuniko cha tundu nilikiwekea bawaba chini, kinafungukia nje kama droo. Mdogo wake aliomba kazi sehemu, barua ya kuitwa kwenye usaili ikaletwa kwa mkono yeye akiwa amesafiri kwenda msibani Sengerema. Mvua za Aprili zikanyesha siku mbili, kifuniko hakikurudi vizuri, maji yakaingia yakatuama kwa sababu chini sikutoboa. Walipofungua barua imekuwa uji, wino umetawanyika, tarehe haisomeki, na walipokuja kujua ni ya nini usaili ulikuwa umeshapita. Nilienda kuomba msamaha nikatengeneza lingine bure, lakini nafasi ile hairudi, na mpaka leo nikikata bati la sanduku namkumbuka yule kijana.

Kwa hiyo sikiliza. Kofia ya juu itokeze mbele ya tundu sentimita 5 na iwe imeinama. Kifuniko cha tundu bawaba juu, kianguke chenyewe kwa uzito wake, kifunike kupita kingo za tundu chini na pembeni sentimita moja. Chini ya sanduku toboa matundu matatu manne ya milimita 6, na weka kachanja kadogo ka waya ndani barua zisilalie bati. Uangalie na mvua ya kwenu inapiga kutoka upande gani, kila kilima kina upepo wake, simama nje siku ya mvua uone ukuta upi unalowa kwanza, huo usiweke tundu. Kama hauna pa kukwepa, ongeza kofia.

Bati gani linadumu huku karibu na ziwa?

Geji 18 au 16, geji ndio kipimo cha unene wa bati. Bati la kuezekea ni jembamba sana linabonyea. Ziwa letu ni maji baridi sio chumvi kwa hiyo usiogope kama mtu wa Tanga, ila unyevu upo na mvua zipo mara mbili kwa mwaka, chuma kitupu kinaoza tu. Ukitumia bati la zinki ujue pale unapochomelea zinki inaungua inaondoka na kutu inaanzia hapohapo, kwa hiyo kila mshono upigwe brashi ya waya upakwe rangi yenye zinki halafu ndio rangi ya mafuta. Na fundi achomelee sehemu ya wazi, ule moshi mweupe wa zinki ukiuvuta usiku unapata homa na baridi kama malaria, mimi yamenipata. Chuma cheusi unaanza na redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mikono miwili.

Rangi iwe ya mwanga kama jua linapiga moja kwa moja. Nyeusi inapendeza ila ndani panakuwa oveni, kadi zenye plastiki zinajikunja.

Mbao je?

Mninga ukipakwa vizuri unakaa. Mbao laini za bei rahisi mchwa hawazibakizi.

Wadudu?

Nyigu ndio shida, wanapenda sana sanduku lisilofunguliwa. Mijusi pia. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, ukiwa na taa ya geti juu ya sanduku wanajaa humo wanaoza, sogeza taa. Fungua sanduku angalau mara moja kwa wiki hata kama hutegemei kitu.

Nyumba yangu ina wapangaji sita, sanduku moja linatosha?

Linatosha kuwakosanisha. Sikatazi mtu kubana matumizi lakini fikiria, barua ya mpangaji wa chumba cha tatu inachukuliwa na mtoto wa chumba cha kwanza, hata kama haikufunguliwa tayari kuna maneno uani. Mawasiliano binafsi ya mtu yanalindwa na Katiba yetu, ibara ya 16, na mpangaji ni mtu kama mwenye nyumba. Ninachofanya ni sanduku moja refu nalikata vyumba ndani, kila chumba tundu lake, kilango chake na kufuli lake dogo, bati linalotumika halizidi sana. Andika "Chumba 1, Chumba 2" usiandike majina, wapangaji wanahama. Mwenye nyumba asibaki na funguo za akiba za vilango vya watu, mpangaji akihama badilisha kufuli.

Kama kweli hela haipo, basi moja kubwa na mtu mmoja mnayemwamini wote, mkubaliane kwenye kikao cha nyumba, anagawa jioni kila mtu akiwepo.

Namba iandikwe vipi?

Kubwa. Marekani inchi 1 ndio kiwango cha chini lakini kule gari linapita sentimita chache kutoka kwenye sanduku, huku mtu anatafuta nyumba yako akiwa ng'ambo ya mtaro saa moja jioni. Mimi naandika tarakimu za sentimita 7 mpaka 10, nyeupe juu ya bluu au nyeusi juu ya nyeupe. Zisiwe za mapambo yenye mikia, 1 na 7 zinachanganya. Chini ya namba jina la barabara au mtaa kama lilivyosajiliwa, halafu postikodi. Na kile kibao cha serikali usikitoe ukutani ukakipigilia kwenye sanduku, kiache palepale.

Jina lako kuandika au kutoandika ni hiari yako. Akina mama wanaoishi peke yao nawashauri waache, namba inatosha.

Watu wakiingiza vipeperushi na kadi wasizotumwa na posta, ni kosa?

Marekani ndio, sheria ya shirikisho hairuhusu mtu kuweka kitu kwenye sanduku la barua bila kulipia stempu, hata jirani na tangazo lake la kanisa anatakiwa alichomeke mahali pengine. Wamelifanya sanduku kuwa la posta peke yake. Uingereza wana tundu la mlangoni na yeyote anasukumiza. Sisi tuko kama hao wa pili na kwa maoni yangu ndivyo inavyotufaa, maana ukizuia kila asiye mtu wa posta sanduku la Mwanza litakaa tupu. Kama matangazo yanakuchosha andika kwa adabu "Matangazo hapana, asante", wengi wanaheshimu.

Nyumba yetu iko juu mlimani, hakuna barabara ni ngazi na vijia tu.

Nyie ndio wengi na ndio mnaosahaulika. Pale Mabatini, Igogo, mtu anapanda kati ya mawe kwenda kwake, na anayeleta barua na pikipiki anaishia chini anapiga simu, simu ikiwa imezimwa anageuza. Kwenu sanduku lisikae kwenye nyumba, likae pale njia ya gari inapoishia. Kaeni nyumba nane au kumi mnaotumia kijia kimoja, mchangishane mfanye sanduku moja la vyumba kama lile la wapangaji, mliweke kwenye ukuta wa mtu aliyekubali pale chini, dukani ndio pazuri zaidi kwa sababu kuna mtu mchana kutwa na usiku kuna taa. Juu yake liandikwe namba za nyumba zote, na ikiwezekana mchoro mdogo wa kijia kinavyopanda. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe ili na barua zake azipitishie hapo. Nimetengeneza mawili ya namna hii, moja lina vyumba 9, na wazee wa juu kule wananiambia wameacha kushuka na kupanda bure.

Funguo?

Mbili, moja ikae kwa mtu mzima mwingine nyumbani. Kufuli la shaba halishiki kutu kirahisi, tone la mafuta kabla ya masika.

Mbwa wangu hana shida, anabweka tu.

Anayeleta hajui hilo. Sanduku liwe mahali ambapo mbwa hafikishi pua kwenye tundu, na usimfunge kamba karibu na ukuta wenye sanduku.

Mizigo mikubwa je, ile niliyoagiza mtandaoni?

Sanduku la mizigo linawezekana, ila bila mtu nyumbani sishauri lizidi ukubwa wa boksi la viatu. Mzigo wa thamani mwambie akupigie ukutane naye au ukauchukue ofisini kwao, namba yako ya nyumba na postikodi zimsaidie kufika tu.

Nahama, sanduku naondoka nalo?

Kama umepanga na ulilipia wewe, ongea na mwenye nyumba kabla hujang'oa bolti, na ukiling'oa ziba matundu kwa simenti. Namba futa, ni ya nyumba ile sio ya kwako. Ukiliacha, mkabidhi anayeingia funguo zote mbili mkononi, na mwachie namba yako ya simu ili kadi ya shangazi yako ikiendelea kuja huko akupigie.

Nikitaka nianze wapi?

Leo jioni simama nje ya geti lako na bahasha ya A4 mkononi, jifanye wewe ndio unaleta, halafu weka alama ya chaki pale mkono ulipoenda wenyewe. Piga picha hiyo alama, pima kutoka ardhini, na uangalie kama juu yake kuna kitu kinachozuia mvua. Ukija na hiyo picha na namba yako kutoka kwa mtendaji, kilichobaki ni kukata bati.